Kilango Kinachojua Sifuri Iko Wapi

(Hotuba kwa wahitimu wa fani ya ufundi wa vifaa tiba)

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi, na ninyi wahitimu mliovaa majoho kwenye joto hili: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi.

Niliombwa niwaage wahitimu kwa maneno machache. Nimekuja na kipimajoto cha sikio cha zamani. Kiko hapa mezani, nimekifungua tangu jana usiku. Naomba tunyamaze kidogo, nibonyeze kitufe chake karibu na kipaza sauti. Tik. Mmesikia? Ninabonyeza tena. Tik. Huo mlio ni wa kibapa cha chuma, chembamba kama ukucha, kinachosogea pembeni kwa kufumba na kufumbua na kurudi mahali pake. Wapiga picha wana kitu cha namna hiyo kwenye kamera zao, wanakiita shata. Mimi nakiita kilango, na nataka kukizungumzia hicho tu.

Nilikuwa na miaka miwili kazini. Muuguzi mmoja wa wodi ya watoto, mama wa makamo tuliyemwita Sista, alinifuata karakana na kipimajoto kama hiki mkononi. Akaniambia, "Fundi, hiki kinasema mtoto ana 34.6. Mimi nimemgusa, anaungua." Alikuwa ameshampima kwa kile cha kioo cha zebaki, kikasoma 39. Nilikifungua. Nyuma ya mrija unaoingia sikioni nikakiona kilango, kimekwama nusu ya njia. Dawa ya maji ya watoto, ile tamu, ilikuwa imemwagikia kitufe, ikapenya na kukaukia kwenye reli yake. Badala ya kuisafisha reli nikajiambia: kama kibapa hiki ndicho kinachozuia, kitoke. Nikakitoa. Nikarudishia skrubu, nikajipima sikioni mwangu. Kioo kikaandika namba, kikaandika nyingine mbali kabisa na ya kwanza, kisha kikagoma. Wodi ile ikabaki na kipimajoto kimoja cha kioo kwa vitanda vyote kwa wiki kadhaa. Hilo bado linaniuma, kwa sababu kifaa kile kilikuwa kinapona. Mimi ndiye niliyekiua, kwa kutoa sehemu ambayo sikuwa nimejiuliza inafanya kazi gani.

Basi tujiulize leo, pamoja.

Kila kitu chenye joto kinatoa mionzi. Jiko la mkaa likikolea unaiona, nyekundu. Mwili wa binadamu nao unatoa, ila mionzi yake mingi iko karibu na mikromita 9 za urefu wa wimbi, na jicho letu linakoma kwenye sehemu chini ya 1. Hiyo ndiyo infraredi. Kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba iliyo mwishoni mwa tundu, kinatoa mionzi hiyo kikiwa kimejificha ndani ya shimo, hakipigwi na upepo wala jasho, na damu inayokifikia inatoka kwenye mishipa ileile mikubwa ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo, pale mwili unapoamua joto lake liwe ngapi. Aliyetuonyesha thamani ya mahali hapo ni Theodor Benzinger, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya utafiti kwenye taasisi ya tiba ya jeshi la majini la Marekani, Bethesda, mwishoni mwa miaka ya 1950. Yeye aligusisha waya wa kupimia kwenye kiwambo chenyewe. Fikirini kumfanyia hivyo mtoto wa miaka miwili anayelia. Kusoma mionzi tu, bila kugusa, kulikuwa lazima kuje.

Josef Stefan, mwanafizikia wa Vienna, mwaka 1879 alitupatia kanuni: nguvu ya mionzi inafuata joto, likihesabiwa kwa kelvini (nyuzi zetu za kawaida ukiongeza 273), likizidishwa lenyewe mara nne. Ludwig Boltzmann akaithibitisha kwa nadharia mwaka 1884. Chukueni kalamu. Kitu cheusi, yaani kinachotoa mionzi kikamilifu, chenye nyuzi 37, yaani kelvini 310, kinatoa takriban wati 524 kwa kila mita ya mraba. Lakini kihisi kilicho ndani ya kipimajoto nacho kina joto lake, na chenyewe kinatoa mionzi kuelekea sikioni. Kinachopimika ni tofauti ya hayo mawili. Kihisi kikiwa na nyuzi 22, kama kwenye chumba chenye kiyoyozi, tofauti ni kama wati 94. Kikiwa na nyuzi 32, na hapa Tanzania wodi zenye nyuzi 32 mnazijua, tofauti inabaki wati 33 hivi. Karibu theluthi moja. Sikio lilelile, joto lilelile la mwili, lakini ishara imepungua hivyo kwa sababu tu ya chumba. Chumba kikifika nyuzi 37, ishara inakuwa sifuri kamili.

Ninawaomba msiisahau hesabu hiyo. Vifaa vingi vya aina hii vinaundwa mbali na joto letu, na mwongozo wake unaandikwa na mtu aliyekaa kwenye nyuzi 22.

Sasa turudi kwenye kilango. Kihisi cha kifaa hiki ni utando wa aina inayoitwa pairoelektriki. Tabia yake ilijulikana zamani kupitia turmalini, jiwe ambalo baadhi yenu mnaotoka Simanjiro mmeliona likichimbwa, lile la kijani. Mwanzoni mwa karne ya 18 Waholanzi walileta turmalini Ulaya kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, na watu wakastaajabu kwamba ukiipasha moto inavuta majivu. Joto lake likibadilika, nyuso zake zinapata chaji ya umeme. Neno la kushika ni hilo, likibadilika. Ukiliacha jiwe litulie kwenye joto moja, hata likiwa kali namna gani, chaji inavuja na kwisha. Mnaijua hali hiyo kwa ngozi zenu. Ukijitupa baharini alfajiri maji yanakukata. Dakika chache baadaye huyasikii tena, na maji hayajapata joto.

Kihisi cha namna hiyo ukikielekeza sikioni na kukiacha, kinasema mara moja kisha kinanyamaza. Ndiyo maana kinahitaji mlango. Ukiwa umefungwa, kihisi kinautazama mlango, na mlango una joto sawa na chenyewe, kwa hiyo tofauti ni sifuri. Ukifunguka ghafla kinaliona sikio, na ule mruko kutoka sifuri ndio kipimo. Mwenye mizani pale Feri, kabla hajaweka samaki, anahakikisha mshale uko kwenye sifuri. Kilango kinafanya hivyo kila ukibonyeza kitufe.

Kwa hiyo rudini kwa mtoto wa Sista. Wodi ilikuwa na kama nyuzi 30. Mtoto mwenye 39 na kihisi chenye 30: tofauti ni wati 59. Kilango kikizuia nusu, kihisi kinapokea karibu 30 tu. Rudisheni namba hiyo kwenye kanuni ya Stefan, jibu ni nyuzi 34.6. Niliifanya hesabu hii miaka mingi baada ya tukio, usiku, kwenye karatasi ya bahasha, nikakaa kimya muda mrefu. Kifaa hakikuwa kinabahatisha. Kilikuwa kinaniambia waziwazi kwamba mlango umefunguka nusu, na mimi sikuwa na elimu ya kukisikia.

Mafundi wenzetu wa mwanzo walihangaika sana na sifuri hii. Gary O'Hara na David Phillips, huko California, walipata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, mwaka 1986 kwa kipimajoto cha sikio kilichotumia kihisi cha aina nyingine, themopaili, na sifuri yao waliiweka mezani: mashine ya pembeni yenye shabaha iliyopashwa moto mpaka karibu na joto la sikio. Mrija na kihisi navyo vilipashwa hadi joto hilo. Muuguzi alichomeka kipimajoto pale, kikaitazama shabaha, ndipo akaenda nacho kwa mgonjwa. Ni kazi ya akili kubwa, ila inadai meza, umeme, na muda. Jacob Fraden alikwenda njia ya pairoelektriki na kilango, akapata hataza yake tarehe 10 Januari 1989. Kwake, sifuri inakaa mkononi pamoja na kifaa. Mwaka 1991 kampuni ya Diatek, ya San Diego, ilitoa cha kwake kwa msaada wa maabara ya JPL ya NASA, watu waliozoea kupima joto la nyota na sayari kwa infraredi.

Watu wanasema kilango ni sehemu duni, kinachosogea, kinachokwama, bora kiondoke. Mimi naona kilango kizuri kinaweza kutengenezwa kwa vitu vitatu: kibapa, pini na springi. Na nina sababu ya kila kimoja, kwa hiyo nivumilieni, hapa nitakawia.

Njia ambayo mbunifu anaifikiria haraka ni kukisogeza kilango kwa umeme: koili yenye kiini cha chuma, unapitisha mkondo, kiini kinavutwa, mlango unafunguka. Inavutia, kwa kuwa kompyuta ndogo ya ndani inaamua yenyewe lini ifungue. Lakini koili inakula betri, na kila wati inayokula inageuka joto, sentimita chache kutoka kwenye kihisi ambacho tumesema joto lake lazima lijulikane. Nimewahesabia: kwenye nyuzi 32, kilango kikizidi kihisi kwa nyuzi 1 tu, sifuri inasogea kwa wati 6 na kidogo. Homa ikipanda nyuzi 1, mionzi ya sikio inaongezeka kwa wati 7 hivi. Kosa la nyuzi 1 kwenye kilango ni kosa la karibu nyuzi 1 kwenye kadi ya mgonjwa, wakati tunataka lisizidi 0.2. Mpishi hawezi kuweka jiko ndani ya mizani yake.

Nguvu ya kusogeza kibapa tunayo bure: kidole cha muuguzi. Shida ya kidole ni kwamba hakina mwendo mmoja. Mwingine anabonyeza kwa haraka, mwingine taratibu kwa kuwa mtoto anajitupa. Kilango kikifunguka taratibu, chaji inavuja huku bado inajengeka, kilele kinakuwa kifupi, na homa inasomeka chini. Dawa yake ipo kwenye mtego wa panya. Unauvuta kwa mwendo wako, polepole au haraka, mpaka unashika, na ukifyatuka unakwenda kwa mwendo wake. Swichi ya taa ukutani ni hivyohivyo. Kidole kinakaza springi, na springi ikipita kizuizi ndiyo inayokirusha kibapa. Kasi inakuwa moja kwa Sista na kwa mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Lakini mtego wa panya unapiga. Vifaa vyote vya pairoelektriki vinazalisha umeme pia vikitikiswa au kubanwa, hiyo ni asili ya fuwele zao. Kibapa kikigonga ukuta kwa nguvu, kihisi kinausikia mshtuko na kuuchanganya na joto. Basi kinatakiwa kifunguke kwa haraka na kitue kwa upole. Kipande kidogo cha raba laini mwishoni mwa njia kinatosha, na kibapa chenyewe kiwe chepesi. Ule mlio wa tik niliowasikilizisha, ningependa usisikike kabisa.

Reli, ziacheni. Reli ndizo zilizonasa dawa ya mtoto. Kibapa kinachozunguka kwenye pini moja, kama panga la feni linaloyumba robo mzunguko, kina sehemu moja tu ya msuguano na unaweza kuiweka mbali na njia ya uchafu. Kiwe cha alumini au shaba, joto lisambae sawasawa, na pini yake ikae kwenye pande la chuma lilelile lililobeba kihisi, ili vyote viwe na joto moja kama watoto waliolala kitanda kimoja. Upande unaotazama sikio ung'arishwe usinywe mionzi ya mgonjwa wakati mrija umeshaingia na kitufe bado hakijabonyezwa. Ukinywa, sifuri inapanda kidogokidogo na wewe huna habari.

Hakuna kitu kati ya hivyo ambacho hakiwezi kutengenezwa kwenye karakana ya chuo hiki. Ninajua ninachosema, nimeziona mashine zenu.

Najua pia mnachonung'unika huko nyuma. "Mzee, vya siku hizi havina kilango." Ni kweli kwa sehemu kubwa. Themopaili imekuwa ndogo kuliko punje ya mchele, inachongwa kwenye silikoni kama chipu nyingine, na yenyewe haisubiri mabadiliko. Inatoa volti mfululizo kufuatana na tofauti ya joto kati ya upande unaoona sikio na upande uliofichwa. Ndiyo iliyokuwa kwenye vile vya kuelekeza kipajini mlivyovizoea milangoni mwaka 2020. Hakuna kinachosogea ndani yake, na mimi ninaipenda kwa hilo.

Swali langu kwenu ni: sifuri imekwenda wapi? Haijafutika. Imehamia kwenye kitu kingine, themista, chembe iliyobandikwa kando ya kihisi ili iseme kihisi kina nyuzi ngapi. Kifaa kinasoma tofauti, kinaongeza joto la themista kwa kanuni ya Stefan, kinatoa jibu. Themista ikikosea nyuzi 1, jibu linakosea karibu nyuzi 1, hesabu ileile ya kilango. Na sehemu nyingine ya kazi imehamia kwa muuguzi, bila mtu kumwambia. Kifaa kikitoka chumba cha dawa chenye kiyoyozi na kuingia wodini, upande mmoja wa kihisi unapata joto kabla ya mwingine, na themista haijui. Ndiyo maana miongozo mingi inataka kifaa kikae chumba kimoja na mgonjwa kwa nusu saa hivi kabla ya kupima. Nani anausoma mwongozo ule, tena kwa Kiingereza cha maandishi madogo, usiku, wodi ina watoto arobaini? Mkifika vituoni, hakikisheni kipimajoto kinalala wodini kinakofanyia kazi. Kiandikieni karatasi ya Kiswahili, kubwa, ibandikwe ukutani.

Waambieni na haya: kofia ya plastiki ya mrija ni sehemu ya kipimo, utando wake umechaguliwa kupitisha infraredi, na ukioshwa na kurudiwa unabadilika. Mrija wa ndani mara nyingi umepakwa dhahabu, maana dhahabu inaakisi infraredi vizuri mno. Nta kidogo ya sikio ikiingia mle, mnapoteza mionzi kama kilango kilichokwama. Sikio la mtu mzima livutwe juu na nyuma, la mtoto mchanga nyuma tu, ili tundu linyooke na kihisi kione kiwambo. Ukuta wa tundu una joto pungufu.

Na mtapimaje kama kifaa ni kizima? Sikio lenu wenyewe halitoshi. Tengenezeni sikio. Chukueni kikombe kirefu cha shaba, mdomo mwembamba, ndani mkipake rangi nyeusi isiyong'aa. Kizamisheni kwenye ndoo yenye maji ya nyuzi 37 mpaka karibu na mdomo, yakorogwe bila kupumzika, na pembeni muweke kipimajoto kilichohakikiwa. Shimo jeusi lenye mdomo mdogo linatoa mionzi karibu kamili ya Stefan, hata rangi isipokuwa bora. Elekezeni kifaa mdomoni, bonyezeni, someni. Kisha pandisheni maji mpaka 39, rudieni. Fanyeni asubuhi kukiwa na ubaridi, mrudie saa nane mchana karakana ikiwa imechemka. Kama majibu ya asubuhi na ya mchana hayalingani, tatizo liko kwenye sifuri, na sasa mnajua pa kuitafuta: kwenye kilango kama kipo, kwenye themista kama hakipo.

Kikombe kimoja nimekuja nacho, kiko kwenye ndoo ile ya bluu chini ya meza, na maji yake ni ya moto tangu saa moja. Sista ameshastaafu. Mwaka jana nilimtengenezea cha kwake, kwa ajili ya zahanati ya kijijini kwao. Mkuu wa chuo ameniruhusu nusu saa kabla ya chakula. Bisibisi ndogo ziko sita, glovu zipo, na vipimajoto vibovu nimeleta kumi na moja. Vitatu vina kilango. Naomba wa mstari wa nyuma muanze.